Kigari Kimoja cha Mbao, Kabla ya Umuganda Ujao

Kwa miaka yote niliyofanya kazi ofisini, randa ya baba yangu ilikaa juu ya meza yangu ikizuia makaratasi yasipeperuke. Ni randa ya mti mzito yenye ulimi wa chuma. Baba aliitumia Karagwe, upande wa Tanzania, ambako wazazi wangu walikuwa wamekimbilia kabla sijazaliwa. Siku moja, nikiwa na miaka tisa, alinikuta nimeishika. Akaichukua taratibu, akanipa kitabu, akasema, "Mikono yako ni ya kalamu." Nilimtii kupita kiasi. Tuliporudi Rwanda niliibeba ndani ya sanduku la nguo, nikaiweka ofisini, na mgeni akiuliza ni kitu gani nilimjibu kwa sauti ya chini, kama mtu anayegusia ukoo wake mtukufu: "Mimi ni mtoto wa seremala." Hakuna aliyewahi kuniuliza kama mimi mwenyewe najua kuranda. Ningeulizwa, nadhani ningedanganya.

Sasa nimestaafu. Tunaishi Gisenyi, kwenye mteremko unaoliangalia ziwa, mimi na mke wangu, pamoja na binti yetu na mtoto wake. Binti anafanya kazi katika ofisi moja pale mpakani. Anatoka alfajiri, anarudi jioni. Mumewe ni askari, yuko kituo cha mbali. Mke wangu yeye alilelewa Goma, ng'ambo ya mpaka upande wa Kongo, mahali ambapo ukitoka hapa kwa miguu unafika kabla hujachoka. Kinyarwanda ndiyo lugha ya nyumba yetu. Kiswahili tunakitumia kugombana, maana kila mmoja wetu anaamini Kiswahili cha mwenzake ni kichekesho, na ugomvi unaisha kwa kucheka.

Mjukuu wetu alizaliwa na nyonga moja nje ya mahali pake. Alikaa miezi mingi amefungwa mikanda ya kumtanua miguu, na mikanda ilipotolewa nyonga ilikuwa imerudi, lakini mtoto alikuwa ameshajizoesha maisha ya kukaa. Mwaka mmoja na miezi minane, na bado alikuwa akisafiri kwa makalio, mgongo wima, akitutazama kama mwenyekiti anayesubiri kikao kianze. Akijitahidi sana alishika kiti akasimama, akahesabiwa sekunde kadhaa, akakaa tena.

Hospitalini mtaalamu wa viungo alimkunja na kumkunjua, kisha akatuambia nyonga ni nzima, kilichobaki ni misuli na woga. Tumtafutie kigari cha kusukuma, kiwe kizito kidogo, kisikimbie. Turudi baada ya miezi miwili. Akiwa bado hatembei, itabidi madaktari wa upasuaji wamwangalie upya. Binti yangu alisikia neno upasuaji. Mimi nilisikia neno kigari. Moto, yaani pikipiki ya abiria, iliyotupandisha nyumbani haijafika hata nusu ya mlima, mimi kichwani nilikuwa nimeshapiga randa.

"Tutanunua kimoja," binti alisema tulipofika.

"Kununua?" nikasema. "Katika nyumba ya mtoto wa seremala?"

Mke wangu aliinua macho kutoka kwenye mboga alizokuwa akichambua. "We papa, sijakuona hata siku moja unapiga musumari."

"Nilikuwa sina muda."

"Miaka makumi tatu hauna muda ya musumari moja?"

Nikaenda kutafuta daftari.

Hapa lazima nieleze. Kwetu kila kaya ina daftari la imihigo, yaani ahadi ambazo familia inajiwekea na kuzitekeleza: tutapanda miti fulani, tutatengeneza choo, tutalipa bima. Mimi maisha yangu yote ya kazi yalikuwa hayo. Nilizisoma ahadi za wengine, nikazipigia mstari mwekundu, nikazirudisha. Vijana waliokuwa chini yangu waliogopa hasa kosa moja, kuahidi jambo lisilo mikononi mwao. "Usiniandikie kwamba mvua itanyesha," nilikuwa nikiwaambia, "niandikie kwamba utachimba mtaro." Nilijivunia sana msemo huo wangu.

Basi nikafungua ukurasa mpya, nikachora safu kwa rula, nikaandika: Kutengeneza kigari kimoja cha mbao, kabla ya umuganda ujao. Na katika safu ya kiashiria, kwa mwandiko mzuri, nikaandika: Mtoto atatembea.

Mke wangu alitia sahihi kama shahidi bila kusoma. Mkuu wa kijiji ndiye aliyesoma. Umuganda ni ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi; wa mwezi ule ulikuwa kesho yake, na niliouahidi mimi ni wa mwezi uliofuata. Tukishazibua mitaro na kufyeka, tunakaa kwenye nyasi tunafanya kikao. Katika kikao kile alipitisha macho kwenye madaftari machache, akafika kwangu, akavutiwa. Akalisoma kwa sauti mbele ya kijiji kizima kama mfano wa kaya inayofikiria watoto. Watu wakapiga makofi. Nikainama kidogo. Kuanzia siku ile sikuweza kununua mkate bila mtu kuniuliza kigari kimefika wapi.

Kazi ya kwanza ilikuwa ya maandishi. Nilichora kigari upande wa mbele, upande wa nyuma na kutoka juu. Nikaandika utangulizi. Wiki moja ilipita, nikawa na kurasa nne na sina hata kipande cha mbao. Mke wangu naye alikuwa ameanza mpango wake usio na karatasi yoyote. Kila alipopata nafasi alimfunga mtoto mgongoni, akapanda moto mpaka Nyamyumba, kwenye chemchemi za maji ya moto kando ya ziwa, ambako watu wenye maumivu ya miguu na migongo huenda kujiloweka. Kuna wanawake pale wanaojua kukanda viungo. Alirudi na mtoto mwekundu mashavuni, amelala fofofo.

"Maji haijawahi kutembesha mtu," nilimwambia.

"Na karatasi?" akauliza.

Nikaenda kununua mti. Kwenye barabara ya Rugerero kuna wauza magogo ya mikaratusi, ambayo sisi tunaiita inturusu, na jirani yao kuna karakana ya seremala mwanamke, mama wa makamo aliyerudi kutoka Masisi, upande wa Kongo, mwenye penseli iliyochomekwa ndani ya kitambaa cha kichwa. Nilichagua gogo la unene wa paja. Lilikuwa zito, lina unyevu, linanukia vizuri kama dawa ya kifua. Yule mama alisimama mlangoni akanitazama nikilipakia.

"Papa, unaenda kutengeneza nini na ile?"

"Magurudumu ya kigari cha mtoto."

"Ingali mubichi ile. Iko na maji mingi. Bon, uiache miezi mingi kivulini, kiisha urudie."

Nilimpa tabasamu lile nililokuwa nikiwapa vijana wapya wa ofisini. "Mimi ni mtoto wa seremala," nikamwambia.

"Aah," akasema. "Samahani basi." Akarudi ndani.

Nilikata gogo mapande manne kama mtu anayekata mkate. Ilinichukua siku mbili, na mkono wa kulia ulikuwa hauinui kikombe, lakini yalitoka mapande mazuri, ya duara, meupe, yenye pete zake ndani. Nilimwonyesha kila aliyepita. Na kwa kuwa miezi mingi ya kivuli sikuwa nayo, niliyapanga kuzunguka jiko la mkaa yakauke haraka. Nilishangaa seremala mzima kutojua njia rahisi namna hiyo.

Siku ya tatu mke wangu aliniita kutoka jikoni. "Papa, kuya. Magurudumu yako inalia."

Kweli yalikuwa yanalia: ta, ta, kama mahindi kwenye sufuria. Nyufa zilikuwa zimeanzia kitovuni zikaenda mpaka ukingoni, na mapande yaliyokuwa duara sasa yalikuwa na umbo la yai. Moja lilikuwa limeachama kabisa. Nilisimama nikiyaangalia, nikatafuta wa kumlaumu, nikaona muuza magogo anafaa. Mke wangu aliyaacha mpaka yakakauka vizuri, akayapasua, akapikia maharage. Yaliiva sana yale maharage, na alinikumbusha jambo hilo katika kila kijiko.

Zilikuwa zimebaki siku nane kabla ya umuganda. Mtu mwenye akili angeenda Rugerero kuomba msamaha. Mimi nilikumbuka chukudu. Kama hujawahi kufika Goma, chukudu ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili na usukani, lakini hakina pedeli. Vijana hubebea magunia, wanakipiga mguu kwenye kupanda na kukirukia kwenye kuteremka. Nilipokuwa nikienda ukweni niliviangalia sana. Nilijua ndani ya magurudumu yake watu hutia bilia, zile pete za chuma zenye gololi ndani, ili yateleze. Nilijua pia mbao zake hupakwa oili chafu ya injini zisiliwe na wadudu. Mambo mawili tu niliyajua kuhusu chukudu, na yote mawili nikayatumia.

Nilipata bilia nne kutoka kwa fundi wa moto, nikazifanya ndizo magurudumu yenyewe. Nikapigilia kisanduku cha mbao za inturusu ileile, nikatia mpini wa kushikia. Kisha nikakipaka kigari oili chafu mara tatu, kikang'aa cheusi kama kiatu cha afisa. Nilikiona kizuri mno.

Mke wangu alikinusa kutoka mlangoni. "Mutoto anakulaka kila kintu anashika. Utamukulisha mazuti?"

"Itakauka."

"Na iyi vitu ya chuma, haitakimbia?"

"Ndiyo maana ya gurudumu, mama," nikamjibu. "Kukimbia."

Siku ya umuganda ujao ilifika, na baada ya kikao mkuu wa kijiji mwenyewe alisema twende tukaone. Wakaja watu kama kumi na tano, majembe begani, buti zina matope, wakajipanga uani kwetu. Baraza letu ni la saruji, na lina mteremko mdogo ili maji ya mvua yasisimame. Nilijua hivyo; mimi ndiye niliyeagiza mteremko huo. Niliweka kigari juu yake. Nikatoa maneno machache. Ni aibu kuyakumbuka, lakini nilimtaja baba, nikataja mikono, nikataja vizazi.

Binti yangu alimsimamisha mtoto. Mimi nikamshikisha mpini kwa mikono yake yote miwili. Alinitazama. Nakumbuka sana kwamba alinitazama, kwa sababu alikuwa ananiamini.

Kigari kilikwenda. Hakikuanza polepole, kilikwenda tu, na mikono ya mtoto ikaenda nacho, miguu ikabaki ilipokuwa. Alianguka kidevu kwanza. Kigari kiliendelea peke yake, kikashuka ngazi mbili, kikapita kati ya watu wenye majembe, kikaingia kwenye ua wa miti. Siku ile kigari ndicho kilichotembea.

Mdomo wa chini ulikuwa umepasuka kidogo, damu imechanganyika na oili, na mtoto alilia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Mke wangu alimkimbiza ndani kumwosha mdomo. Majirani waliaga mmoja mmoja kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kucheka. Binti yangu alitoa simu yake, akatafuta, akaninyooshea. Ulikuwa ujumbe alionitumia siku ileile ya hospitali, ambao sikuwahi kuufungua. Alikuwa ameandika maneno ya mtaalamu yote. Kiwe kizito kidogo. Kisikimbie.

"Nilikuandikia, papa," alisema. Hakusema kwa hasira. Heri angesema kwa hasira.

Kidonda kilipona kwa siku nne, kilichofuata ndicho hakikupona. Mtoto aliacha kusimama kabisa. Hata kile kiti alichokuwa akikishika, akikiona alikaza magoti na kugeuza uso. Na akiniona mimi alilia. Nilioga, nikafua nguo kwa sabuni ya unga mara mbili, nikadhani ni harufu ya oili, haikuwa harufu. Nikiingia sebuleni alijivuta kwa makalio mpaka nyuma ya bibi yake, akachungulia kama kuna mnyama. Zilikuwa zimebaki wiki tatu turudi hospitalini. Jioni binti yangu alikaa akimsugua mtoto miguu, na mimi nilijua anachofikiria, kwa sababu nilikuwa nafikiria hichohicho: mtoto huyu alikuwa anakaribia kutembea, na babu yake, ili apigiwe makofi, amemrudisha nyuma, na huenda amempeleka kwenye kisu.

Nilifungua daftari. Kuna safu ya changamoto, na mimi bingwa wa safu hiyo. Nikajaza: ubichi wa mbao, uduni wa bilia, mteremko wa baraza, ufinyu wa muda. Niliisoma nikaona imekamilika. Nikalala. Asubuhi nilipoisoma tena, niliona haya peke yangu chumbani. Nikavaa koti, nikaenda Rugerero.

Yule mama seremala alikuwa anapima mguu wa kitanda. Hakuniuliza baba yangu anaendeleaje, ingawa alikuwa na haki. Nilimweleza kila kitu, mpaka mazuti. Aliweka futi chini.

"Leta mikono."

Nikamnyooshea. Akaigeuza, akaibonyeza kwa kidole gumba kama mtu anayechagua parachichi.

"Ni mikono ya bureau," akasema, yaani ya ofisi, bila ubaya. "Papa, unisikie. Mutoto haitaji kintu muzuri. Anahitaji kintu yenye itamungojea. Donc, kwanza utafute mbao yenye imekauka. Usinunue. Iko mu nyumba yako. Utafute ile ya zamani, yenye ilisahau mvua."

Nilirudi nikazunguka nyumba nikigonga samani. Kinu cha kutwangia sombe, yale majani ya muhogo, mke wangu alikikumbatia kabla sijakigusa. Kitanda tunakilalia. Meza ina miguu ya chuma. Ndipo macho yangu yalipopanda ukutani sebuleni, juu ya televisheni, kwenye ubao wa shukrani niliopewa siku ya kustaafu. Ubao mnene wa mti mgumu kutoka Kongo, umechongwa jina langu, cheo changu, na chini yake maneno "kwa utumishi uliotukuka". Kila mgeni alikalishwa mahali ambapo hawezi kuukwepa. Niliugonga. Ulitoa sauti kavu kabisa.

Nilikaa nao mapajani muda mrefu kuliko ninavyotaka kukiri. Mtoto alikuwa upande wa pili wa sebule, nyuma ya bibi yake, akinichungulia. Nikanyanyuka nikaupeleka Rugerero kabla sijajishauri vingine.

Yule mama alisoma maandishi. "Una hakika, papa?"

"Kata tu."

"Mi sitakata. Utakata weye. Mi nitatoboa matundu, juu ukitoboa weye kigari itaenda Kigali."

Alinipa kona ya meza yake na msumeno mwembamba. Kwa siku tatu nilikata, na wateja wake walinizoea kama kuku wa karakana. Msumeno ulipita katikati ya cheo changu. Utumishi nao ukabaki upande mmoja, na utukufu wake upande wa pili. Nilichora duara kwa kufuata sahani, nikafuata mstari kadiri ya uwezo wangu, na uwezo wangu ulitoa magurudumu manne, kila moja na tumbo lake na ubapa wake. Nilitaka kuyasawazisha. Yule mama aliyaviringisha mezani, akacheka mpaka penseli ikadondoka. Kisha akaacha kucheka, akayaviringisha tena, taratibu.

"Acha hivi," akasema. "Usiguse tena."

Kisanduku tulikitengeneza kwa mbao za kreti kuukuu aliyokuwa nayo. Hiyo ndiyo sehemu niliyoiranda, kwa randa ya baba, yule mama amesimama nyuma yangu akinielekeza jinsi ya kuweka uzito wa mwili. Maranda ya kwanza yalitoka mafupi, yamekatikakatika, lakini mbao ikawa laini. Nilipitisha kiganja kwenye mpini mara nyingi kutafuta vibanzi. Badala ya oili chafu nilipaka mafuta ya kupikia, nusu kikombe, ambayo mke wangu aliyatoa akisema ni ya mtoto na si yangu. Ili kiwe kizito nilitafuta jiwe, nikaona litamwangukia mguuni. Mwishowe niliweka ndani randa yenyewe, nikaifunga kwa kamba ya mpira isitikisike. Ikarudi kwenye kazi niliyoizoesha, ya kukandamiza.

Zilikuwa zimebaki siku tisa turudi hospitalini. Sikuita mtu. Asubuhi, mke wangu aliporudi kutoka Nyamyumba, alimkalisha mtoto kwenye kijia cha saruji kinachozunguka nyumba, nami nikaweka kigari hatua tatu kutoka kwake na kukimbilia nyuma ya nyumba asinione. Siku ya kwanza hakukigusa. Siku ya pili alikisogelea, akailamba mbao. Siku ya tatu alishinda akizungusha gurudumu moja kwa kidole. Mimi nilikuwa nakaa nyuma ya nyumba, juu ya ndoo iliyopinduliwa, kando ya tangi la maji, nikipewa taarifa kupitia dirisha la jikoni.

Siku ya tano hakukuwa na taarifa. Nilikaa. Nikasikia ko, kimya kidogo, ko. Nikajua mke wangu anatwanga sombe, nikakasirika kwamba anatwanga badala ya kumwangalia mtoto. Ko. Kimya. Ko. Sauti ikawa inakaribia, na kinu hakitembei.

Pua ya kigari ilichomoza kwenye kona ya nyumba. Kisha mpini, kisha mikono miwili midogo, kisha kichwa kimeinama, ulimi nje. Gurudumu likifika kwenye ubapa wake kigari kilisimama, kikamngoja. Akakusanya miguu, akaipanga mmoja baada ya mwingine, akasukuma tena: ko. Nyuma yake alikuja mke wangu, mkono mdomoni, mwingine umenyooshwa bila kumgusa. Nyonga zote mbili zilikuwa zinafanya kazi. Nilizitazama hizo tu, nyonga, kama sina kingine cha kutazama duniani.

Aliinua kichwa akaniona. Nikajiandaa kusikia kilio. Hakulia. Alisukuma mpaka kigari kikanigonga kwenye mfupa wa mguu, akarudi nyuma kidogo, akanigonga tena. Akanitazama bila woga na bila upendo wowote wa pekee, namna mtu anavyotazama gari lililoegeshwa vibaya. Nilikuwa njiani. Nikanyanyuka na ndoo yangu, nikasogea, akapita.

Nililia pale kando ya tangi, na sikujificha. Nilikuwa nimeogopa kwa wiki nyingi kuliko nilivyomwambia mtu yeyote, na woga wote ulitoka kwa mara moja. Mke wangu alinishika bega.

"Unaona?" akasema, naye analia. "Maji ya moto."

Hospitalini mtoto alitembeza kigari kwenye korido nzima, kikifanya kelele mpaka wagonjwa wakatoa vichwa milangoni. Katikati ya njia alikichoka, akakiacha, akamfuata mama yake hatua nne mikono mitupu. Mtaalamu aliandika kwamba hakuna haja ya upasuaji. Binti yangu alisoma karatasi ile mara tatu, akaikunja, akaiweka ndani ya nguo, kifuani. Mtaalamu aligeuza kigari, akasoma vipande vya herufi kwenye magurudumu, akauliza nani fundi. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Mke wangu akasema fundi yuko Rugerero.

Jioni ile nilitoa daftari. Kwenye safu ya yaliyofikiwa niliandika: Anatembea. Sikuweka asilimia. Mke wangu safari hii alisoma kabla ya kutia sahihi, akaninyang'anya kalamu, na kwenye safu ya washirika, chini ya jina la yule mama wa Rugerero, akaandika kwa herufi kubwa: Maji ya Nyamyumba. Nikamwachia.

Ikabaki safu ya changamoto, na orodha yangu ndefu ya mbao na bilia na baraza. Niliipiga mstari yote, na kwa kalamu ileile nyekundu niliyokuwa nikiwaogopesha nayo vijana nikaandika neno moja: Babu. Pembeni yake kuna safu ya mwisho, inayouliza changamoto hiyo ilitatuliwaje. Nikaandika: Alisogea.